Ziara ya miguu Porto (vita vya Pedro na mdogo wake Miguel): mwongozaji safi, ratiba ndo tatizo

Wadau mlioko Ureno au mnaopita Porto, hii ziara nendeni. Kwa asiyeijua stori, Pedro alikuwa Brazil anatawala kule, 1826 akarithi kiti cha Ureno akamwachia binti yake Maria, mtoto wa miaka 7, kwa masharti nchi iwe na katiba na binti aje kuolewa na baba yake mdogo Miguel (ndiyo, baba mdogo kabisa), Miguel akaapa vizuri tu halafu 1828 kafika akajifanya mfalme asiyeulizwa na mtu, katiba ikatupwa huko.

Mnaanzia Praça da Liberdade kwenye sanamu ya Pedro juu ya farasi, na mwongozaji anawaambia muangalie mkono, kashika katiba. Hapohapo ndo Miguel alinyonga watu 1829 kwa sababu ya maasi ya mwaka wa nyuma yake, na mwongozaji hapo hakukimbiza, alieleza mpaka kundi zima kimya.

Ila utamu wenyewe uko ng'ambo ya mto Douro, Serra do Pilar. Pedro alirudi kumrudishia binti yake kiti, akaingia mjini 9 Julai 1832 na askari kama 7,500, wakazingirwa humo na jeshi la Miguel mpaka Agosti 1833, na ng'ambo yote ya kusini walichoshikilia ni hicho kilima cha monasteri tu. Ukisimama pale unaona mji ulivyo karibu, mizinga ya Miguel ilikuwa inavusha mto tu inatua kwenye mapaa ya watu, na huko ndani kipindupindu nacho kinaua. Aisee nilikaa pale sitaki kuondoka.

Sasa lawama. Kwenye maghala ya mvinyo Gaia (mji wa ng'ambo hiyohiyo ya kusini) tumewekwa muda mrefu mno tunaonjeshwa na kuuziwa, wakati stori ya pale ni fupi, jeshi la Miguel lilipoona mji haushikiki likachoma maghala, mvinyo ukamwagika mtoni, basi. Matokeo yake kanisa la Lapa ulikohifadhiwa moyo wa Pedro, ule uliopelekwa Brazil 2022, tukaonyeshwa kwa kidole tu! Na Miguel kusalimu amri 1834 kukapewa sentensi moja tukiwa tunaagana.

Malipo unatoa mwenyewe mwishoni unavyoona. Mimi nawapa nyota 4. Waulize mapema kama Lapa imo, na vaa raba, ile miinuko si mchezo.