Maneki-neko: Kagua bega kabla ya kulipa

Malalamiko ya wasomaji kuhusu maneki-neko, sanamu ya paka wa bahati wa Kijapani aliyeinua mkono, ni yale yale: kafika mzima, kawekwa kaunta, baada ya muda mkono ulioinuliwa umeachia begani. Kwa hiyo habari ya mkono upi na rangi gani tuimalize upesi. Wa kulia huita fedha, wa kushoto huita wateja, rangi ni hiari yako.

Paka wa udongo hutengenezwa kwa kumimina uji wa udongo ndani ya kalibu ya plasta. Plasta hunyonya maji, ukuta hujengeka, kisha uji uliobaki humwagwa. Ndiyo maana chini pana tundu, nalo si kasoro. Mkono ukitolewa kwenye kalibu yake, huunganishwa na kiwiliwili kwa uji ule ule, na hapo ndipo balaa huanzia: mkono uliokauka kupita kiwiliwili hausinyai sawa nacho, ukatokea ufa mwembamba kuzunguka bega. Fundi mzembe huufunika kwa rangi.

Mgonge kwa ukucha mgongoni, halafu mkononi. Ukisikia mlio mkavu, uliozibwa, mrudishe. Ukinunua mtandaoni, dai picha ya bega kwa nyuma, taa ikimulika kutoka ubavuni. Afadhali yule ambaye kiganja chake kimegusana na sikio, maana mkono umeshikwa sehemu mbili.

Chaguo langu la kwanza ni wa Tokoname, mji wa mkoani Aichi, Japani, na sioni wa kumshinda: kibonge, macho makubwa, kakumbatia koban, sarafu ya dhahabu ya kale ya Kijapani, iliyoandikwa ryo milioni 10 (ryo ni kipimo cha fedha cha enzi hizo). Anafuata wa Seto, mkoa huo huo, mwembamba na mwenye sura ya paka hasa. Wa Kutani, kutoka Ishikawa, ana nakshi za dhahabu zinazovutia sana. Mfute kwa brashi laini, kwani kitambaa kikavu hukwangua dhahabu. Wa karatasi wa Takasaki, mkoani Gunma, anafaa mizigo ya ndege, ila asiguse maji. Wa plastiki apungaye kwa betri anatosha kibandani.

Kinachoudhi ni wauzaji. Kila paka kibonge wanambandika jina la Tokoname, picha zote za mbele. Urefu wanaupima pamoja na mto anaokalia, nawe unalipia sentimita za kitambaa. Ukiuliza mhuri au kibandiko cha chini kimeandikwa nini, wanakujibu kwa bei ya usafirishaji.