Miezi minane ya mazoezi, usiku wa ngoma nikapewa maji nibebe

Naandika hasira bado ziko juu kwa hiyo mnivumilie. Ni kuhusu kikundi cha Awa Odori, ngoma ya Kijapani ya kucheza barabarani, nilichojiunga hapa Tokyo, jina lake sitaji, maana humo ndani kuna watu wema na wengine tunapanda treni moja.

Mimi mtoto wa Temeke. Mara ya kwanza kuiona Awa Odori pale Koenji, mtaa wa hapa hapa Tokyo, mwisho wa Agosti, nilisema huu si mdundiko huu jamani! Barabara nzima imefungwa, vikundi vinakuja kimoja nyuma ya kingine, filimbi, ngoma, shamiseni (kama gitaa la nyuzi tatu), na mbele ya wapigaji kuna upatu (siyo ule wa kuchangishana hela, upatu wa kugonga) ndio unaoshika mwendo. Utotoni nimechapwa si mara moja kwa kufuata mdundiko mpaka nikapotea, kwa hiyo nikajua hapa ndipo pangu. Asili ya ngoma yenyewe ni Tokushima, zamani palikuwa panaitwa Awa, huko wanacheza tarehe 12 mpaka 15 Agosti, hawa wa Koenji wameanza zao mwaka 1957. Kikundi kinaitwa ren. Tofauti niliyokuja kuijua baadaye ni kwamba mdundiko unaingia tu, ren unajaza fomu.

Mazoezi sasa. Mkono wa kulia unatoka pamoja na mguu wa kulia, wa kushoto na wa kushoto, jaribu hapo ulipo uone unavyogeuka roboti. Wanawake mikono iko juu muda wote kama unaanua nguo kwenye kamba, na zile geta, viatu vya mbao, unazisimamia kwa ncha ya mbele tu. Halafu kiuno kitulie. Mimi! Nimekulia vigodoro, kiuno changu kina akili zake, kikisikia ngoma hakiniulizi. Mkubwa mmoja wa mazoezi alinishika pande mbili kama anashika dumu la maji lisimwagike, tukacheka wote, yaani hapo sikukasirika hata kidogo. Na kila wiki naambiwa "jozu, jozu", unaweza kweli. Nikavimba kichwa. Kumbe ukiona wanakusifia hivyo ujue bado sana, ukianza kuweza kweli sifa zinakatika wanaanza kukukosoa.

Haya, kofia. Wanawake wanavaa kofia ya majani imekunjwa katikati kama chapati, inainamia mbele mpaka macho hayaonekani vizuri, na nywele lazima zifungwe juu. Mimi nina rasta, nene, nyingi. Kuna mama mmoja mtu mzima ndiye msimamizi wa mavazi, akaiangalia kofia, akaangalia kichwa changu, akavuta hewa kwa meno, ssss, akasema "chotto...". Basi. Ile sentensi mpaka leo haijaisha. Chotto ni "kidogo", sasa kidogo nini mama? Nikajua anatafuta kubwa zaidi. Ilikuwa niing'amue palepale kuwa hiyo ni hapana, maana na sisi tunayo, fundi cherehani akikwambia "nguo yako iko kwenye mashine" unajua kitambaa hakijakatwa. Lakini ugenini akili inalala.

Usiku wenyewe nimevaa yukata, kimono nyepesi, mkanda umenibana mpaka napumua kwa zamu, usoni nimepaka kila kitu. Nafika wanapojipanga, yule mama ananijia na begi la chupa za maji zenye mirija. Akanikabidhi kwa mikono miwili, na kuinama akainama. Jamani, mtu anayekudhalilisha kwa mikono miwili huku ameinama unaanzaje kugombana naye? Hakuna aliyeniambia hapana. Miezi minane, hakuna hata mmoja!

Nikatembea pembeni njia nzima nanyonyesha watu maji. Na wimbo wao wenyewe unasema anayecheza mjinga, anayetazama mjinga, kama wote wajinga basi heri ucheze. Mbeba maji hayumo kabisa. Mzee mmoja wa ngoma kubwa ndiye alinyonya mrija akaniambia "otsukaresama", yaani pole na kazi, nikataka kulia, sijui kwa uchungu au kwa kuwa nilisikia kama naambiwa kwetu.

Nikaapa siendi tena. Wiki kadhaa zikapita nikaenda, ila kurudisha yukata tu. Yule mama akanifuata na mfuko, ndani kuna kisponji ameshona kwa mkono wake, cha kuweka chini ya kofia ili ikae juu ya rasta. Kumbe amekuwa akihangaika nacho tangu siku ile ya "chotto", hakikuwahi. Nikajaribu kofia, ikakaa. Nikashukuru, nikainama, halafu njiani nikakasirika upya mara mbili! Sasa si ungesema? Neno moja tu, "bado sijamaliza", ningebeba hayo maji nikiimba.

Nyota mbili. Haya, tatu, moja ya mzee wa ngoma. Kisponji sikihesabu, bado sijaamua. Wewe mgeni ukitaka kujiunga waulize mapema, tena kwa maandishi, siku yenyewe nacheza au sichezi, na wakijibu "chotto" usisubiri mwisho wa sentensi. Kama shida yako ni kucheza tu, nenda Tokushima Agosti, kuna kitu wanaita niwaka ren, unaingia bure na ulivyovaa, hata kama mikono na miguu haijapatana. Huo ndio mdundiko.

Alhamisi kuna mazoezi. Sijasema naenda. Ila kamba za geta zilikuwa zimelegea, nimezipeleka zibadilishwe, ziko tayari Jumatano.