Miaka minne na mfumo wa kompyuta wodini: tathmini ya muuguzi

Nimefanya kazi ya uuguzi wodini kwa miaka 19. Kumi na mitano ya kwanza niliandika kila kitu kwa kalamu, katika mafaili yaliyokuwa yakipotea, yakimwagikiwa chai na kurudi kutoka maabara yakiwa na kurasa pungufu. Minne iliyofuata nimetumia mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa, pamoja na skana ya kusoma misimbopau ya dawa, ile mistari ya utambulisho inayosomwa na mashine, na vishikwambi tunavyobeba hadi kitandani. Nautathmini kama mtumiaji, si kama fundi wala muuzaji, na nawaandikia wauguzi wenzangu ambao mfumo wa namna hii unakaribia kuwekwa hospitalini kwao, wakawa wanajiuliza kama utawaongezea kazi au utawapunguzia. Kwa niliyoyaona, miezi ya kwanza utawaongezea. Baada ya hapo itategemea kama mmeupokea jinsi mlivyoletewa au mmedai kuwa na kauli katika umbo lake.

Mafunzo yetu yalichukua siku mbili, na aliyetufundisha alikuwa kijana mwerevu sana wa kompyuta ambaye, kwa maswali yake tu, ilionekana hajawahi kukaa zamu hata moja. Alituonyesha vitufe vyote vilipo, lakini tulipomuuliza tufanye nini iwapo mgonjwa anatapika huku skrini inadai tujaze sehemu saba kabla ya kuruhusu hatua inayofuata, hakuwa na jibu. Basi kila mtu akajitafutia njia yake. Yangu ilikuwa kuandika vipimo kwenye kipande cha karatasi mfukoni, kisha kuviingiza vyote mwisho wa zamu, yaani kazi ileile mara mbili, na kila siku nilichelewa kutoka. Mbaya zaidi, shinikizo la damu nililopima asubuhi daktari alikuwa akiliona alasiri, tena likiwa na saa ya kuingizwa badala ya saa ya kupimwa, kwa sababu sikujua kwamba saa hiyo inaweza kurekebishwa.

Nilipoanza kuingiza taarifa palepale kitandani lilizuka tatizo jingine. Mzee mmoja aliyelazwa kwa ugonjwa wa moyo aliniuliza kwa upole kabisa, "Sista, unazungumza na mimi au na hiyo televisheni yako?" Nilikuwa nimempa mgongo. Tangu siku hiyo nageuza toroli la kompyuta ili mgonjwa naye aone skrini, na ninachokiandika nakisoma kwa sauti. Mzee huyo alikuwa wa kwanza kunufaika. Niliposoma kwamba ana mzio wa penisilini alinikatiza akasema mwenye mzio ni mdogo wake, yeye hana. Kosa hilo lilikuwa limehama kutoka faili hadi faili kwa miaka, na si kompyuta iliyolifichua. Lilifichuka kwa sababu nilikuwa nimegeuza toroli.

Sehemu ya mfumo ninayoisifu bila kusita ni skana ya dawa. Utaratibu wake ni mwepesi: unasoma msimbopau ulio kwenye utepe wa mkononi mwa mgonjwa, unasoma ule ulio kwenye dawa, na mfumo unalinganisha hivyo viwili na agizo la daktari, kwa maana ya mgonjwa, dawa, dozi, njia na wakati. Ni zile haki tano tulizokaririshwa chuoni, isipokuwa sasa kuna anayezihesabu nawe hata ukiwa umechoka. Usiku wangu wa kwanza baada ya likizo nilikabidhiwa kwamba mgonjwa wa kitanda cha 6 anadungwa insulini kabla ya kifungua kinywa. Alfajiri nilikwenda na sindano tayari mkononi, taa zikiwa zimepunguzwa, nikasoma utepe, na skrini ikawa nyekundu. Nilidhani kifaa kimeharibika, nikasoma tena, ikawa nyekundu vilevile. Ndipo nilipomwamsha mama yule na kumuuliza jina lake kamili. Kumbe jioni ile wagonjwa wawili wenye jina moja la ukoo walikuwa wamebadilishana vitanda ili mmoja awe karibu na bomba la oksijeni, na habari hiyo haikufika kwenye makabidhiano. Niliyetaka kumdunga hakuwa na kisukari kabisa. Nilirudi mezani nikakaa kimya dakika kadhaa, maana nilijua kwamba katika enzi ya karatasi ningemdunga na kuweka sahihi kwa dhamiri safi.

Ni vyema wauguzi wajue kwamba wazo la kutumia kifaa hiki wodini lilitoka kwa muuguzi. Mwaka 1992 Sue Kinnick, muuguzi wa hospitali ya maveterani, yaani wanajeshi wa zamani, iliyoko Topeka, Kansas, alikuwa akirudisha gari la kukodi alipomwona mhudumu akilipokea kwa skana ya mkononi, akajiuliza kwa nini gari lihakikiwe kwa umakini kuliko mgonjwa anayepewa dawa. Hospitali za maveterani wa Marekani zikalichukua wazo hilo na kulifanyia kazi. Utafiti uliofanywa katika hospitali moja ya Boston na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba makosa ya utoaji wa dawa, ukiacha yale ya kuchelewa au kuwahi, yalikuwa asilimia 11.5 katika wodi zisizo na skana na asilimia 6.8 katika zenye skana. Tofauti ni kubwa. Hata hivyo, 6.8 si sifuri, na sisi tulio wodini tunajua sehemu ya masalia hayo hutoka wapi.

Hutoka kwenye njia za mkato. Wodini kwetu kulikuwa na nakala za tepe za wagonjwa zimebandikwa ubavuni mwa kabati la dawa, hivi kwamba mtu angeweza kusoma misimbopau yote akiwa amesimama mahali pamoja, kisha akazunguka na trei ya dawa kama zamani. Nakiri kwamba nami nilifanya hivyo, tena si mara moja. Skrini ilionyesha kijani na ripoti za mwezi zilipendeza, lakini kinga yenyewe ilikuwa imeondolewa. Uongozi ulipogundua, mawazo yake ya kwanza yalikuwa adhabu. Tulipoulizwa sababu hatimaye, ikaonekana kwamba betri za skana hazikumaliza zamu, toroli halikupita kati ya vitanda viwili vya mwisho, na tepe zilizolowa wakati wa kuoga hazikusomeka. Watafiti wa Marekani waliochunguza hospitali tano walichapisha mwaka 2008 aina 15 za njia za mkato kama hizo na visababishi 31. Visababishi vikiwa vingi namna hiyo, ni vigumu kwangu kuamini kwamba shida yote ni uvivu wa wauguzi.

Jambo la pili ninalolithamini, ingawa kwa tahadhari, ni hesabu ya alama za tahadhari ya mapema. Mfumo wetu unafuata kipimo kiitwacho NEWS, kilichotolewa mwaka 2012 na Royal College of Physicians ya Uingereza na kufanyiwa marekebisho mwaka 2017, ambacho hutoa alama kwa kasi ya pumzi, kiwango cha oksijeni, shinikizo la damu, mapigo ya moyo, hali ya fahamu na joto la mwili. Jumla ikifika 5 mgonjwa anahitaji kuonwa haraka, na ikifika 7 ni dharura. Kwenye karatasi tulikuwa tukikosea hata kujumlisha, hasa saa nane usiku. Kompyuta haikosei kujumlisha. Lakini mashine yetu ya kitandani hupima shinikizo, mapigo na oksijeni na kuvituma yenyewe, ila pumzi haihesabu. Pumzi ni lazima muuguzi asimame atazame kifua kikipanda na kushuka kwa dakika nzima, na dakika nzima wodini ni mali adimu. Siku moja nilifungua jedwali la wodi nzima nikakuta wagonjwa karibu wote wanapumua mara 18 kwa dakika: mwenye nimonia 18, aliyetoka upasuaji 18, kijana anayesubiri kuruhusiwa 18. Watu wengi hivyo hawawezi kupumua kwa mdundo mmoja kama kwaya. Namba hiyo ilikuwa ikikisiwa, na mfumo uliipokea, ukaijumlisha kwa usahihi kamili na kutupatia alama safi zisizo na maana, ilhali kubadilika kwa pumzi mara nyingi ndiko hutangulia kuonyesha kwamba mgonjwa anaanza kuzorota. Nilichapisha jedwali lile, nikafuta majina na kulibandika chumba cha mapumziko bila neno lolote. Baada ya juma moja namba zilianza kutofautiana.

Kuhusu maonyo yanayojitokeza kwenye skrini nina malalamiko tu. Ni mengi mno, na onyo la hatari ya kweli lina rangi na ukubwa uleule wa onyo la kukumbusha kujaza uzito wa mgonjwa, kwa hiyo kidole hujifunza kuyafunga yote kabla jicho halijasoma.

Uwezo wa kunakili maelezo ya zamu iliyopita ni zawadi yenye sumu. Nilipata kusoma maelezo ya uuguzi yaliyosema mgonjwa "anatembea mwenyewe hadi msalani" siku mbili baada ya kukatwa mguu. Mwenzangu alikuwa amenakili ya juzi na kubadilisha tarehe. Nywila nazo zina hadithi yake. Wakati fulani niliitwa kueleza dozi ya dawa ya maumivu iliyoandikwa kwa jina langu saa ambayo nilikuwa chumba cha upasuaji nikimpokea mgonjwa. Nilikuwa nimeiacha kompyuta wazi, na mtu mwenye haraka akaitumia bila ubaya wowote. Dawa yenyewe ilikuwa sahihi, lakini kumbukumbu za mfumo zilisema ni mimi, na mbele ya sheria kumbukumbu hizo ndizo sahihi yangu. Tangu hapo siendi hata kunawa mikono kabla ya kuifunga.

Mtandao nao hukatika. Mara ya kwanza ulipokatika kwa saa kadhaa ilibainika kwamba fomu za karatasi za dharura zilikuwa toleo la zamani, na baadhi ya wauguzi wapya hawakuwahi kujaza chati ya dawa kwa mkono maishani mwao. Sasa tuna boksi la fomu zinazokaguliwa kila mwezi, kompyuta moja inayohifadhi nakala ya orodha za dawa kila baada ya muda mfupi, na mtu mmoja wa zamu anayepewa jukumu la kuingiza yaliyoandikwa mtandao unaporudi. Yeyote anayeuziwa mfumo na kuambiwa kwamba hauzimiki, aulize boksi hilo liko wapi.

Kilichonibadilisha kutoka mvumilivu kuwa mtetezi wa mfumo ni fomu ya vidonda vya mgandamizo, vile vinavyompata mgonjwa anayelala muda mrefu bila kugeuzwa. Ilikuwa ndefu kiasi kwamba kuijaza kulichukua muda mrefu kuliko kumgeuza mgonjwa, na muda huo ungefaa zaidi kumgeuzia. Badala ya kunung'unika wakati wa makabidhiano, muuguzi kiongozi wetu alinishauri niandike ombi la mabadiliko, nikionyesha ni sehemu zipi hazisomwi na mtu yeyote na zipi zinarudia taarifa iliyokwisha kujazwa kwingine. Niliandika kurasa mbili, na kwa mara ya kwanza mafundi walikuja wodini. Mmoja wao alikaa nami zamu nzima ya mchana bila kusema mengi, na alipoondoka alisema hakujua kwamba tunaandika tukiwa tumesimama. Fomu mpya inaingia katika skrini moja, mahali pa kidonda panaonyeshwa kwa kugusa mchoro wa mwili, na kipimo cha mara iliyopita kinaonekana kando, hivyo unajua papo hapo kama kidonda kinapona au kinachimbika.

Hapo ndipo nilipoelewa maana ya infomatiki ya uuguzi, fani ambayo chama cha wauguzi wa Marekani kiliitambua kuwa ubingwa mwaka huohuo wa 1992. Nilikuwa nikidhani ni ufundi wa kutengeneza kompyuta. Kumbe ni kazi ya kuamua ni jambo gani la mgonjwa linastahili kuandikwa, kwa maneno yapi, na limfikie nani kwa wakati upi, na hakuna aliye mahali pazuri pa kuamua hayo kuliko aliyesimama kando ya kitanda. Nimesoma kozi fupi ya takwimu na sasa nina nusu siku kwa juma ya kukaa na mafundi. Sijaacha wodi, wala sikusudii kuiacha.

Kwa hiyo mfumo naupendekeza, kwa masharti. Kabla haujawekwa, dai kwamba wauguzi wa zamu ya usiku waujaribu, kwa sababu wao ndio wenye watu wachache na mwanga hafifu. Dai skana za ziada, na njia ya kupeleka maombi ya mabadiliko inayotoa majibu. Usiogope umri: mwenzangu aliyekuwa akiandika kwa kidole kimoja, na anayekaribia kustaafu, ndiye anayewafundisha wapya leo, tena kwa subira kuliko yule kijana wa siku zile mbili.

Ombi langu la karibuni linahusu watoto wachanga. Msimbopau wa mistari hujipinda kwenye kifundo chao kidogo cha mguu na skana hushindwa kuusoma, nasi hulazimika kumsumbua mtoto aliyelala ili kuunyoosha. Nimeomba ubadilishwe uwe wa mraba, ambao ni mdogo na husomeka hata ukiwa umepinda kidogo. Nimelikumbusha mara mbili, na Jumatatu nikikaa na mafundi nitalikumbusha tena.