Argoni au sumaku: umri wa miamba ya Olduvai unapimwaje?

Wengi hawajui kwamba Olduvai yetu, lile bonde la hapo Ngorongoro, imelipatia jina lake tukio zima la sumaku ya dunia, yaani kati ya miaka kama milioni 1.95 na 1.78 iliyopita ncha za sumaku, kaskazini na kusini, zilikaa kama leo, katikati ya enzi ndefu ambayo zilikuwa zimegeuka.

Sasa kupima umri pale kuna njia mbili. Argoni kwanza: potasiamu kwenye majivu ya volkano inaoza taratibu inakuwa argoni, ambayo ni gesi, unapima unapata namba kabisa ya miaka, na ndo hivyo mwaka 1961 tabaka la fuvu la Zinj, yule zamadamu aliyepatikana hapo Olduvai, lilitoka na miaka milioni 1.75, watu walishtuka kweli maana walidhani ni changa zaidi. Shida, bila majivu au lava huna cha kupima.

Sumaku yenyewe inasomwa hata kwenye tope lililoganda, chembe za chuma zimeshika mwelekeo wa wakati ule, ila inakwambia tu kawaida au imegeuka, mwaka haikupi, na mageuko yako mengi mno. Mi ningeanza na argoni, halafu sumaku ijaze katikati.