Rangi ya shaba chini ya mashua yangu: miezi saba Mkokotoni

Mashua yangu ina mita nane na kidogo, mbao tupu, tanga moja na mashine ndogo ya nyuma. Naiweka Mkokotoni, kaskazini mwa Unguja, upande unaotazamana na kisiwa cha Tumbatu, na maji yakipwa inakaa mchangani. Nayataja haya mwanzo kwa sababu rangi ninayoisimulia imenifaa sana mahali pamoja na ikaniangusha mahali pengine, na mchanga huo ndio sababu.

Miaka yote tulikuwa tukipaka deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu, kama wazee. Sina ugomvi na deheni. Unaichanganya mwenyewe, unaipaka kwa mkono, na mdudu anayekula mbao haipendi. Lakini haidumu. Wiki chache tu ukoga umerudi, na ukizembea mwezi wa pili chombo kinaburura ndevu za mwani. Kusi inavuma na wewe unatambaa. Ndipo nikaamua kuingia kwenye rangi za dukani, na mwaka wa kwanza nikapoteza pesa.

Duka lenyewe silitaji. Niliomba "rangi ya chini ya boti", nikapewa mkebe mwekundu kwa bei nzuri, nikaondoka nacheka. Baada ya miezi miwili nikapiga mbizi nikakuta vichaza vimejipanga kama meno. Kumbe ile ilikuwa redi oksaidi, ya kuzuia kutu kwenye chuma. Wekundu wake ni wa kutu, si wa shaba, na chaza hana habari nayo. Kosa la pili lilikuwa langu mwenyewe: niliipaka juu ya mabaki ya deheni. Rangi haishiki kwenye shahamu. Ikabanduka vipande vipande kama ganda la muhogo.

Tangu hapo nanunua kwa mkono kabla ya macho. Rangi yenye shaba ni nzito. Lita tano za rangi ya ukuta zina kilo sita, saba hivi. Mkebe niliochukua safari hii, wa ujazo huo huo, ulikaribia tisa. Halafu nasoma ubavuni: lazima iandikwe kuwa ndani mna oksidi ya shaba. Shaba ndiyo inayotoka kidogo kidogo majini na kuwazuia watoto wa chaza wasikae. Bei? Mkebe mmoja wa hii ni mikebe minne ya ile ya kwanza.

Jamaa mmoja alitaka kuniuzia kopo la zamani, "dawa ya meli kubwa, hii kiboko". Nikamwambia akae nalo. Rangi za zamani za meli zilitiwa sumu ya bati, na Ufaransa waliipiga marufuku kwa boti ndogo mwaka 1982 baada ya chaza wa Arcachon kuharibika magamba. Mkataba wa dunia nzima wa kuikataza ulipitishwa 2001 ukaanza kazi Septemba 2008. Na pale ninapopweleza mimi, akina mama wanaokota chaza na kombe hatua ishirini kutoka kwenye mkuku, ule uti wa chini wa chombo.

Rangi hizi ziko za namna mbili. Ngumu inabaki kama ganda, shaba inatoka ndani yake mpaka inakwisha. Laini inalika yenyewe kadiri chombo kinavyotembea, kila siku uso mpya. Mimi nikachukua laini, kwa kuwa natoka karibu kila siku na sitaki kukwangua maganda ya miaka mitano huko mbele.

Hesabu ya kiasi ni rahisi: urefu wa mstari wa maji, zidisha kwa upana ukijumlisha na kina. Kwangu ni 7.5 mara 3.3, karibu mita za mraba 25. Lita moja inafunika kama mita 9, kwa hiyo mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, ni lita tano na nusu. Nikanunua saba na nusu, maana omo (mbele ya chombo), usukani na mstari wa maji vinataka mkono wa tatu.

Mwezi wa tisa tukasubiri bamvua, yale maji makubwa. Nilitaka kupandisha siku ile ile maji yalipokuwa makubwa kabisa. Fundi wangu, mzee aliyekuwa akikalafati vyombo kabla sijazaliwa, akakataa. "Mwanangu, bamvua la mwezi huu ni kubwa. Ukikipandisha leo, lijalo lisipofika hapa utakaa nacho mwezi mzima." Tukapandisha siku mbili baadaye, saa kumi na moja alfajiri, tukatia gadi, magogo ya kukiegemeza. Maji yakaanza kupungua siku hadi siku, nasi tukapata zaidi ya wiki ya ukavu.

Siku tatu nzima zilikuwa za kuondoa deheni. Mienge ya makuti kwanza, shahamu ikayeyuka ikatiririka, kisha skrepa, maji ya moto na sabuni, na mwisho msasa wa maji. Msasa mkavu hapana, vumbi la rangi kuukuu ni sumu. Na barakoa tulivaa hata hivyo. Maganda yote tuliyakinga kwa turubai tukayatia kwenye gunia.

Kisha mkebe ukafunguliwa. Juu palikuwa na maji mekundu mepesi tu. Mzee akachovya kijiti, kikagota. Shaba yote ilikuwa imelala chini, ngumu kama udongo wa mfinyanzi. Tulikoroga kwa zamu kwa muda wa nusu saa mpaka kijiti kikawa kinazunguka bila kukwama. Anayepaka bila kukoroga anapaka mafuta juu na kubakisha dawa ndani ya mkebe. Mkono wa kwanza tukatia mweusi, wa pili mwekundu, ili weusi ukichungulia nijue rangi inakwisha. Tulipaka asubuhi mpaka saa tatu, na tena jioni. Mchana jua linakausha rangi kwenye brashi. Zinki ya mashine, kile kipande kinacholika badala ya chuma chake, hatukuigusa kwa rangi.

Sasa miezi saba imepita. Ubavuni sina neno: ukoga mwembamba unaotoka kwa sponji, hakuna chaza hata mmoja, na safari ya kwenda Nungwi naisikia mikononi, usukani umekuwa mwepesi. Kwa hilo naipa rangi hii alama zote.

Chini ndiko aliko mgonjwa. Mkuku na sehemu ya tumbo inayolala mchangani, weusi umekwisha, mbao zinaonekana. Rangi laini inasuguliwa kila maji yakipwa. Mzee alichimba mchanga akaingia chini kwa mgongo, akawa anachomachoma kwa msumari, na karibu na tezi, huko nyuma, msumari ukazama mpaka kichwani. Mdudu ameshaingia. Kipande cha mbao chenye urefu wa mkono kitabadilishwa.

Ningekuwa nalaza kwenye maji ya kina, ningeipaka hii hii kila mwaka bila kufikiri. Kwa anayepwelewa kila siku kama mimi, aanze na rangi ngumu chini, kisha laini ubavuni. Laini juu ya ngumu inakaa. Ngumu juu ya laini haikai, kwa hiyo mimi sasa lazima nikwangue mkuku mpaka kwenye mbao. Kazi hiyo inasubiri bamvua lijalo.

Ile lita moja iliyobaki iko uvunguni mwa kitanda, na mke wangu anauliza kila usiku ni nini kinanuka. Mkebe nimeugeuza kichwa chini, kama mzee alivyonionyesha, ili shaba isigande kitakoni.