Rioja kwa miguu: uzoefu wangu wa viwanda vya mvinyo na chakula cha Haro na Logroño

Tangu nirudi kutoka Rioja, kaskazini mwa Hispania, naulizwa swali lile lile: je, safari ile ina thamani ya hela yake? Inayo, tena sana, ila kwa sharti: kaa Haro, tembea kwa miguu, na muda utakaoupa mvinyo uupe na chakula pia.

Nilisafiri na wifi yangu, ambaye hanywi pombe kabisa wala hali nguruwe. Nalisema hili mapema kwa sababu najua wasomaji wengi mko kama yeye, na mmeambiwa kwamba sehemu kama hizi si zenu. Wifi alifurahi kuliko hata mimi, na nitaeleza kwa nini.

Haro ni mji mdogo jirani na mto Ebro. Kutoka Bilbao kuna basi, mwendo wa saa moja na ushee. Kinachofanya niupendekeze ni mtaa wa stesheni, Barrio de la Estación. Karne ya 19, wadudu wa filoksera walipoangamiza mizabibu ya Ufaransa, wafanyabiashara wa Bordeaux walivuka mpaka kusaka mvinyo. Reli ilikuwa imeshafika Haro, basi watu wakajenga viwanda pembeni ya stesheni ili mzigo uende moja kwa moja kwenye mabehewa. López de Heredia walianza 1877, CVNE 1879, La Rioja Alta 1890. Muga walianzishwa 1932 na kuhamia mtaani hapo baadaye. Vyote hivyo vinafanya kazi mpaka leo, na kutoka kimoja kwenda kingine ni dakika chache tu kwa miguu. Hakuna haja ya gari, na kwa shughuli ya kuonja mvinyo hilo ni jambo kubwa.

Muga ndiko pesa yangu iliporudi yote. Wana karakana yao ya mapipa, na mafundi wanafanya kazi mbele yako. Fundi anasimamisha vipande vya mwaloni ndani ya pete ya chuma, upande mmoja umebanwa, upande wa pili umetanuka kama sketi. Kisha anawasha moto mdogo katikati, analowesha mbao kwa maji, anazikaza taratibu kwa waya mpaka zinapinda na kukutana bila kuacha upenyo. Hakuna gundi. Ule moto pia unaunguza upande wa ndani kidogo, na hapo ndipo mvinyo unapopata harufu ya moshi na vanila. Wifi alisimama pale hadi mwongozaji akaja kumwita. Baba yake alikuwa seremala, alitaka kuona kila pigo la nyundo.

Kitu kingine kilichonishangaza ni mayai. Mvinyo ukiwa bado haujatakata, wanautia ute mweupe wa yai bichi. Ute unashuka polepole ukikokota chembechembe hadi chini, na juu unabaki mvinyo safi. Ni njia ya kale na inachukua muda mrefu, ila Muga hawajaiacha.

Wakati wa kuonja, kila mtu alimiminiwa glasi zake, na wifi akaletewa juisi ya zabibu bila kuulizwa maswali mengi. Walitueleza alama za kwenye chupa vizuri sana, na kwa mnunuzi zina maana: mvinyo mwekundu wa crianza umekaa angalau miaka 2 kabla ya kuuzwa, reserva miaka 3, gran reserva miaka 5, na kati ya hiyo mitano angalau miwili ni ndani ya pipa. Gran reserva ni ghali, lakini kwa chakula cha kila siku mimi ningechukua crianza. Ina uhai wa tunda bado.

López de Heredia ni tofauti kabisa. Chini ya ardhi kuna mahandaki marefu yenye baridi, kuta zimefunikwa kuvu jeusi, na utando wa buibui unaning'inia juu ya chupa kama pazia. Hawaufagii, kwa sababu buibui wanakula wadudu wanaotoboa vizibo. Ukitoka juu unakuta banda la kuonjea lililobuniwa na Zaha Hadid, msanifu majengo mzaliwa wa Baghdad. Hapo nilionja mvinyo wao mweupe wa Viña Tondonia uliokaa miaka mingi. Una ladha ya njugu na asali, na bado ni mkali ulimini. Sijawahi kunywa kitu kama kile.

Sasa lawama yangu. Siku nyingine tulipanda ziara ya kifurushi ya kampuni moja iliyoahidi viwanda kadhaa kwa siku moja. Tulikimbizwa kutoka mlango hadi mlango, mwongozaji akiangalia saa, chakula cha mchana kikawa kipande cha mkate na jibini ndani ya basi. Katika nchi ambayo watu wanakaa mezani kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi, huo ni wizi wa muda wa mgeni. Bei yake ingetosha kulipia matembezi mawili mazuri ya kujipangia wenyewe.

Mimi nimekulia Dodoma, kwa hiyo mashamba nayo niliyaangalia kwa jicho la pekee. Kwetu zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Rioja ni mara moja tu, Septemba na Oktoba, halafu mizabibu inalala kwenye baridi. Mizabibu mizee haijafungwa kwenye waya, imesimama yenyewe, mifupi, na shina nene lililojikunja.

Matawi yanayopogolewa hayatupwi, yanaenda jikoni. Chuletillas al sarmiento ni vipande vidogo vya mbavu za mwanakondoo vinavyochomwa juu ya matawi hayo makavu, chumvi tu, basi. Unashika mfupa kwa mkono. Wifi aliagiza mara ya pili. Kwa wasiokula nguruwe, angalieni patatas a la riojana: inaonekana ni mchuzi wa viazi tu, lakini ndani kuna chorizo, soseji ya nguruwe. Hata maharage yao mekundu, caparrones, hupikwa na nyama hiyo. Ulizeni kabla ya kuagiza.

Jioni nendeni Logroño, mji mkuu wa jimbo la La Rioja, mtaa wa Calle del Laurel. Ni kichochoro chembamba kilichojaa baa, kila moja na kitu chake. Bar Soriano wanapika uyoga tu: unakaangwa kwa mafuta na kitunguu saumu, unapangwa juu ya kipande cha mkate, na kamba mdogo juu kabisa. Unakula umesimama, mchuzi unatiririka kidoleni, halafu unahamia baa nyingine. Kuanzia saa mbili usiku panafurika, na nyingi hazina viti, kwa hiyo mwenye mzazi mzee aende mapema.

Kiwandani, matembezi mengi niliyoyaona yalikuwa kati ya euro 20 na 40, pamoja na kuonja. Wekeni nafasi mapema mtandaoni, hasa kwa wikiendi, na mkague lugha ya matembezi, kwani mengine ni Kihispania pekee. Msipange Jumapili mchana, vingi hufungwa. Na kama mnataka chupa za kurudi nazo, linganisheni kwanza bei za maduka ya Haro mjini, kisha zifungeni kwenye nguo katikati ya begi la kupakiwa chini ya ndege.