Meza na kiti: lipi limebeba maana nyingi zaidi?

Meza ni neno mgeni aliyelowea. Limetoka kwenye Kireno, mesa, nacho Kireno kililirithi kutoka mensa la Kilatini. Lilipofika likakuta kitenzi cha Kibantu, kumeza, kikiwa na sura ileile. Sema "meza hii": ni fanicha, au ni amri kwa mtoto aliyeshika dawa mkononi.

Kiti ni mwenyeji, ndugu wa mti, na uzazi wake ni mkubwa: kiti cha enzi, kiti cha ubunge, mwenyekiti. Hata mtu aliyepandwa na pepo huitwa kiti, maana pepo amemkalia. Meza ina meza ya mazungumzo na meza kuu, basi. Kwangu kiti kimeshinda, na ninachokipenda zaidi ni mwenyekiti: hata akisimama, kiti bado ni chake.